UZI: Leseni ya mazingira ni nusu ya sheria tu. Nusu ya pili tuliisahau Londiani

1. Kanuni ni ile ile: hatutaji jina la mwanasiasa, hatutaji chama. Ukija kwenye komenti na rangi za chama chako, tutakusalimia na kuendelea. Leo tunazungumzia jambo ambalo hutajwa kila mradi mkubwa ukizinduliwa na kila mtu hujifanya analijua: kinga za mazingira na jamii. Yaani ile tathmini, ile leseni ya NEMA, ule ushirikishi wa umma. Mimina chai, uzi ni mrefu.

2. Mjadala wetu huwa hivi. Barabara, bwawa au reli inatangazwa. Upande mmoja unauliza, "Tathmini ya mazingira iko wapi?" Upande wa pili unajibu, "Nyinyi ni wapinga maendeleo." Mtu anaenda kortini. Leseni inafutwa au inathibitishwa. Kisha sote tunahamia mjadala mwingine.

Mimi ni mwanafunzi wa sayansi ya siasa na nimelelewa Londiani. Hoja yangu ni moja: tunapigana kufa kupona juu ya karatasi ya kabla ya mradi, na tunasahau ukaguzi wa baada. Sheria yetu ilitungwa ikiwa na miguu miwili. Sisi tunaruka na mmoja.

3. Kwa wasiopajua: ukitoka Nakuru kwenda Kericho, ukishapita Mau Summit barabara inaanza kuteremka kati ya misitu na mashamba. Unafika Londiani Junction. Mji wenyewe uko ndani kidogo, kwenye reli ya zamani. Ni kwenye baridi na ukungu, kwa watu wa viazi, kabichi, karoti na maziwa. Majani chai utayaona mbele ukikaribia Kericho.

Nimepachagua kwa sababu ni kwetu, ndiyo. Lakini pia kwa sababu historia yote ya jambo hili imepita hapo, kuanzia enzi ambapo hakuna aliyeulizwa chochote mpaka leo ambapo tunaulizwa mara moja, basi.

4. Tuanze na reli. Reli ya Uganda ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896 na ikafika Kisumu Desemba 1901. Ilipanda juu ya Mau, ikateremka kupitia Londiani, Lumbwa (leo Kipkelion), Fort Ternan na Muhoroni.

Ardhi ilipatikana vipi? Mwaka 1897 sheria ya kutwaa ardhi ya India ya 1894 iliongezwa mpaka huku kwetu, na kwa sheria hiyo ardhi ya maili moja kila upande wa reli ikatwaliwa. Wakipsigis waliolisha ng'ombe hapo na Waogiek wa msituni hawakuitwa kwenye baraza lolote kuulizwa maoni. Huo ndio ulikuwa "ushirikishi wa umma" wa wakati huo.

5. Na mazingira je? Injini za wakati ule zilichoma kuni. Msitu uliokuwa karibu na njia ukawa mafuta ya treni. Idara ya Misitu iliundwa 1902, na moja ya kazi zake ikawa kupanda miti ya kigeni inayokua haraka, ikiwemo mikaratusi, ile tunaita blugamu, ili treni isikose kuni. Ndiyo maana sehemu kubwa ya kijani unachokiona kando ya reli ya zamani nchini, ukidhani ni msitu wa asili, ni shamba lililopandwa kuziba pengo la msitu uliochomwa.

6. Halafu kuna jambo ambalo hata sisi wa Londiani hatufundishwi shuleni. Kwa miaka kadhaa Londiani ndiyo ilikuwa lango la Eldoret. Mizigo ilishushwa hapa kutoka kwenye treni, ikapakiwa kwenye mikokoteni ya maksai, ikapanda Uasin Gishu kwenye matope. Mji ulikuwa na shughuli. Kisha njia mpya ya reli kutoka Nakuru ikafika Eldoret 1924, na lango likafungwa. Hakuna aliyekaa chini kuhesabu mji ulipoteza nini.

Kwa hivyo Londiani ilijengwa na reli moja na ikapunguzwa na reli nyingine. Miundombinu huleta na hunyang'anya, na mara nyingi unyang'anyi huja miaka mingi baada ya sherehe za uzinduzi.

7. Mwaka 1957 chuo cha misitu kikaanzishwa Londiani, na mpaka leo kinafundisha wasimamizi wa misitu. Hebu angalia tarehe. Shoka liliingia 1901. Shule ya kufundisha watu kuutunza msitu ikaja zaidi ya nusu karne baadaye. Mafunzo yetu huja nyuma ya uharibifu, yakihema. Mtaona jambo hili likijirudia.

8. Sasa, wazo lenyewe la kupima athari kabla ya kujenga lilitoka wapi? Sheria ya kwanza maarufu ni ya Marekani, iliyotiwa sahihi tarehe 1 Januari 1970. Mwaka 1972 dunia ikakutana Stockholm kuzungumzia mazingira, na Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira likawekwa Nairobi. Ndiyo, Gigiri pale. Tulikuwa wenyeji wa ofisi kuu ya mazingira duniani kwa zaidi ya miaka 25 kabla ya kuwa na sheria yetu wenyewe ya kulazimisha tathmini.

9. Kilichosukuma mambo zaidi ni aibu. Miaka ya 1980 Benki ya Dunia ilisaidia kugharamia barabara ya BR-364 katika Amazon ya Brazili. Lami yenyewe haikuwa na makosa makubwa. Tatizo lilikuwa kilichofuata lami: watu wakamiminika, msitu ukachomwa, wenyeji wa asili wakavamiwa kwenye ardhi zao. Mwaka 1985 Benki ikasimamisha malipo kwa muda. Mwaka 1993, baada ya vita virefu juu ya bwawa kwenye mto Narmada huko India, Benki ikaunda Jopo la Ukaguzi, mahali ambapo mwananchi wa kawaida anaweza kuishtaki miradi yake.

Shikilia hilo neno: kilichofuata lami. Tutalirudia.

10. Kenya. Bunge lilipitisha Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira, EMCA, mwaka 1999, nayo ikaanza kutumika Januari 2000. NEMA ikaanza kazi 2002. Kanuni za tathmini na ukaguzi zikatoka 2003. Sikiliza jina la kanuni hizo: tathmini NA ukaguzi. Tangu mwanzo vilikuwa pacha.

11. Mguu wa kwanza ni kifungu cha 58. Mradi mkubwa, na barabara kuu zimo kwenye orodha, lazima ufanyiwe tathmini kabla ya kuanza. Umma unapewa nafasi ya kutoa maoni. NEMA inatoa leseni au inakataa. Huu mguu mnaujua, ndio mnaotukaniana.

12. Mguu wa pili ni kifungu cha 68. Hapa naomba msome polepole. Kinasema mwenye mradi lazima aweke kumbukumbu sahihi na kutoa ripoti kila mwaka kueleza kama mradi unafanya kazi kama tathmini ilivyoahidi. Kisha kinaenda mbali zaidi: lazima achukue hatua kupunguza madhara AMBAYO HAYAKUTARAJIWA kwenye tathmini, na atoe ripoti ya ukaguzi kuhusu hatua hizo.

Waliotunga sheria hii walijua hakuna mtaalamu anayeona kila kitu. Walijua kuna kinachofuata lami. Wakaweka mlango wa kurudi.

13. Kanuni za 2003 zikafafanua aina za ukaguzi: ule wa awali mradi unapoanza kutumika, ule wa mwenye mradi kujikagua mwenyewe, na ule wa kuthibitisha kwamba mpango wa usimamizi wa mazingira unafuatwa kweli. Na Katiba ya 2010 ikafunga kazi. Kifungu cha 42 kinakupa haki ya mazingira safi na salama. Cha 69 kinaiamuru serikali iwe na mifumo mitatu: tathmini, ukaguzi na ufuatiliaji. Cha 70 kinakuruhusu kwenda kortini bila hata kuthibitisha kwamba wewe binafsi umeumia. Sheria tunazo. Tena nzuri.

14. Sasa angalia tulivyozitumia. Juni 2019, Jopo la Kitaifa la Mazingira lilifuta leseni ya mtambo wa makaa ya mawe Lamu kwa sababu wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Ushindi mkubwa. Mwaka mmoja kabla, Mahakama Kuu iliamuru wavuvi wapatao 4,600 wa Lamu walipwe fidia ya takriban shilingi bilioni 1.76 kwa sababu ya ujenzi wa bandari. Ushindi mwingine. Kwenye reli mpya kupitia Mbuga ya Nairobi, jopo hilo hilo lilitoa amri ya kusimamisha kazi 2016, lakini 2018 ujenzi ukaanza ndani ya mbuga. Huo tuuite somo.

Siwapuuzi hata kidogo waliopigana vita hivyo. Ila tazama vizuri: karibu kila kesi tunayoikumbuka inahusu swali moja, kama mradi ulipaswa kuanza na kwa utaratibu gani. Je, unakumbuka kesi moja maarufu, moja tu, kuhusu ripoti ya ukaguzi ya mwaka wa tano wa barabara?

15. Kabla hujasema "hayo ni mambo ya makaratasi tu", twende Uganda kidogo. Benki ya Dunia iligharamia barabara ya kilomita 66 kutoka Fort Portal hadi Kamwenge. Tathmini ilikuwepo. Mikataba ilikuwepo. Kazi ikaanza, wafanyakazi wengi wa kiume wakaingia kwenye vijiji vidogo. Mwisho wa 2014 wanakijiji wakapeleka malalamiko kwa Jopo la Ukaguzi: wasichana wadogo walidhulumiwa kingono na wafanyakazi wa barabara, wengine wakapata mimba wakaacha shule, fidia za ardhi zilikuwa na matatizo, usalama barabarani ulikuwa duni.

16. Desemba 2015 Benki ikafuta ufadhili wa mradi huo. Uchunguzi wa Jopo uliotoka 2016 ulionyesha kwamba hatari ya wafanyakazi wengi kuingia kwenye jamii ndogo haikupimwa ipasavyo, na usimamizi wa kazi ulikuwa dhaifu. Yaani kilichoumiza wasichana hao hakikuwa lami wala vumbi. Kilikuwa jambo ambalo karatasi ya mwanzo haikuliona, na hakukuwa na jicho la kutosha la kuliona lilipoanza kutokea.

Baada ya hapo ndipo Benki ikaanza kutilia mkazo kanuni za maadili kwa wafanyakazi wa kontrakta na mafunzo juu yake. Mwaka 2016 ikapitisha mfumo mpya wa viwango kumi, uliooanza kutumika Oktoba 2018, wenye kiwango kizima kuhusu afya na usalama wa jamii, barabara zikiwemo. Mnaona? Mafunzo tena nyuma ya maumivu, yakihema.

17. Turudi Londiani. Barabara ya kutoka Mau Summit kupitia Kericho mpaka Kisumu ilijengwa upya miaka ya 2010 kwa mkopo wa Benki ya Dunia. Nataka kuwa mkweli hapa, kwa sababu mitandaoni ukisema neno moja kuhusu barabara unaitwa mpinzani wa maendeleo. Barabara ile ilitusaidia. Shangazi yangu alikuwa anauza viazi pale Junction. Kabla ya lami mpya, anasema, msimu wa mvua gunia lilioza likingoja lori. Baada ya lami, wanunuzi wa Kisumu na Nairobi walisimama wenyewe, wakateremsha kioo, wakauliza bei.

18. Sasa fikiria kilichofuata lami. Barabara nzuri huleta magari mengi, na yanakwenda kasi zaidi. Magari yakisimama, soko hukua. Soko likikua, bodaboda huja, matatu huanza kushusha hapo, mama wa chai anaweka jiko, mwenye mahindi ya kuchoma anajibanza pembeni. Mwaka baada ya mwaka, watu wanasogea karibu na lami kwa sababu pesa iko karibu na lami. Hii haihitaji shahada kuielewa. Lakini tathmini iliyoandikwa kabla ya barabara kuwepo haiwezi kuhesabu vibanda ambavyo bado havijajengwa. Anayeweza kuvihesabu ni mkaguzi anayerudi kila mwaka na daftari.

19. Ijumaa tarehe 30 Juni 2023, jioni, lori lililokuwa likielekea Kericho lilipoteza mwelekeo Londiani Junction, likagonga magari, pikipiki, wachuuzi na wapita njia. Zaidi ya watu 50 walikufa.

Nilikuwa Nairobi. Nilimpigia shangazi simu, haikupita. Nikapiga tena. Nilipiga mpaka saa tatu usiku alipopatikana. Alikuwa ameuza mapema siku hiyo akapanda matatu kurudi nyumbani, simu ikaisha moto. Hakusema mengi. Alitaja tu majina ya watu waliokuwa wakikaa mkono wake wa kulia na wa kushoto, mmoja baada ya mwingine, akiuliza kama nimesikia habari zao.

20. Mnakumbuka mjadala uliofuata. Upande mmoja: dereva, breki, polisi wa trafiki. Upande mwingine: wachuuzi walijitakia, nani aliwaambia wakae kwenye hifadhi ya barabara? Serikali ikaagiza masoko ya kando ya barabara yahamishwe. Kila chama kikatuma rambirambi.

Katika komenti zote nilizosoma wiki hizo, na nilisoma nyingi kwa sababu sikuweza kulala, sikuona mtu akiuliza swali la kifungu cha 68: ripoti za ukaguzi za barabara hii zinasema nini kuhusu soko la Junction? Halikuulizwa na upande wa serikali, halikuulizwa na upinzani, halikuulizwa na sisi wanafunzi tunaojiita wachambuzi. Mimi mwenyewe sikuliuliza. Nililijua miezi kadhaa baadaye, darasani, nilipofungua EMCA kwa ajili ya kazi ya kuandika.

21. Hoja ya "walijitakia" inahitaji jibu, kwa sababu ina uzito. Ni kweli hifadhi ya barabara si ya kufanyia biashara. Lakini angalia mambo mawili. Kwanza, sera za Benki ya Dunia kuhusu kuhamisha watu zimekuwa zikisema kwa miaka mingi kwamba hata mtu asiye na hati ya ardhi, akiathiriwa na mradi, lazima ahesabiwe na asaidiwe. Mchuuzi wa kando ya barabara ni mtu wa mradi, atake asitake. Pili, kifungu cha 68 hakiulizi kama madhara yamesababishwa na watu wema au wabaya. Kinauliza: umeyaona? Umefanya nini?

22. Na hoja ya "ukaguzi ni gharama na karatasi tu"? Pia ina uzito. Kwa sheria yetu mtaalamu wa tathmini husajiliwa na NEMA lakini hulipwa na mwenye mradi. Ukaguzi wa kila mwaka pia unaweza kugeuka kunakili ripoti ya mwaka jana na kubadilisha tarehe. Kuongeza ripoti hakuokoi mtu kama hakuna anayezisoma.

Ndiyo maana nadhani suluhisho halianzi na kuongeza ripoti. Linaanza na kuongeza wasomaji. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mimi naongeza: na daftari lisilosomwa ni sawa na lisilokuwepo.

23. Hapa ndipo mafunzo yanaingia. Tunapozungumzia mafunzo ya kinga za mazingira na jamii, picha inayokuja ni ukumbi wa hoteli, wahandisi, maafisa na makontrakta, beji shingoni. Wanahitaji mafunzo, sikatai. Lakini nani ndiye anayeona barabara kila siku? Ni kamati ya soko. Ni mwenyekiti wa bodaboda. Ni mama anayejua lori la saa kumi na mbili hufika na breki zinazonuka kwa sababu limeteremka kutoka Mau Summit. Nilimuuliza shangazi kama kuna mtu yeyote aliwahi kumuuliza kuhusu kasi ya malori. Akacheka. "Wenye karatasi niliwaona wakati wa kura tu, mwanangu."

Siku moja ya mafunzo kwa watu ishirini wa pale: hii ndiyo ahadi ya tathmini, hiki ndicho kifungu, hapa ndipo unapoandikia ukiona imevunjwa. Ni bei gani hiyo ukilinganisha na kilomita moja ya lami?

24. Kwa nini naandika haya sasa? Kwa sababu mwishoni mwa Novemba 2025 kazi ya kupanua barabara kuu ya Rironi hadi Mau Summit ilizinduliwa. Hiyo ni mlangoni petu. Mkataba wa kwanza wa barabara hii ulisainiwa 2020 na kampuni za Ufaransa, ukasitishwa, kazi ikapewa wengine, na ubishi wa ushuru wa barabara umejaa kila mahali. Ubishi huo ni halali, tutauchambua. Lakini jiulize: magari yatakayotoka kwenye njia pana ya kasi pale Mau Summit na kuelekea Kericho yatafika wapi? Yatafika Londiani Junction. Athari za barabara haziishii pale kibao cha mradi kinapoishia.

25. Kwa hivyo, mkiwa kwenye mjadala wa mradi wowote, wa upande wowote, haya ndiyo maswali ninayowaomba muongeze juu ya lile la leseni. Moja: mpango wa usimamizi wa mazingira uliahidi nini hasa, kwa tarehe gani? Mbili: ripoti ya ukaguzi ya mwaka huu iko wapi na nani aliisaini? Tatu: ni madhara gani hayakutarajiwa na yameonekana sasa? Nne: wanaoishi na kufanya biashara kando ya mradi wamefundishwa jinsi ya kulalamika?

Mwanasiasa wa upande wako akishindwa kujibu, usimtetee. Wa upande wa pili akishindwa kujibu, usishangilie. Muulize tena wiki ijayo.

26. Na hamhitaji wakili kuuliza. Kifungu cha 35 cha Katiba na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 vinakupa haki ya kuomba ripoti iliyo mikononi mwa taasisi ya umma. Unaandika ombi kwa Kiingereza au kwa Kiswahili, sheria inasema hivyo wazi. Taasisi ina siku 21 za kukujibu. Kama habari inahusu maisha ya mtu, saa 48. Ukikataliwa, unaweza kupeleka lalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala. Barua haihitaji maneno makubwa: jina la mradi, ripoti unayoitaka, mwaka wake, na anwani ya kukujibu.

27. Mimi nimeshaandika yangu, kwa Kiswahili, nikiomba ripoti za ukaguzi za kipande cha Mau Summit hadi Kericho kuanzia barabara ilipokamilika. Nilimsomea shangazi kabla ya kuituma. Alinisimamisha mahali pamoja tu, nilipoandika "wachuuzi wasio rasmi". Akasema, "Andika wauza viazi." Nimeandika wauza viazi.

Nikijibiwa nitaweka jibu hapa lote. Siku 21 zikipita kimya, nitaweka hilo pia. Kama uko kwenye barabara au bwawa lingine, andika yako, utuambie kwenye komenti umeomba nini na lini, tuhesabu siku pamoja. Uzi ujao: ushuru wa barabara, nani hulipa kweli.